Ruhusa ya Kupanda Mlima

Ambakisye hakuja, aliletwa. Bajaji ilisimama mbele ya duka la Tusekile, dereva akashuka, akamshika makwapa na kumkokota mpaka barazani, na mvua ya Tukuyu ikawanyeshea wote wawili bila upendeleo. Nyuma yao alishuka Bibi Atuganile, mama yake Ambakisye, amejitanda kanga kichwani, macho chini.

Tusekile hakuinuka kuwapokea. Alikuwa nyuma ya meza yake ya ufundi, na ule mkoromo wa kifua alikuwa ameusikia tangu nje, akajua ni wa nani. Mara ngapi alikuwa amelala akiomba mtu huyu aletwe mlangoni kwake akiwa hivi hivi, ulimi nje? Sasa ameletwa. Akaiweka bisibisi chini.

“Shemeji,” Ambakisye alisema. Akavuta hewa. “Habari za...” Akavuta tena. “Za kazi.”

“Njema. Kaa chini usije ukanivunjia vitu.” Kisha akamgeukia bibi. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mama Lugano,” bibi alijibu kwa sauti ndogo.

Mungu si Athumani! Huyu ndiye Ambakisye aliyekuwa akipanda mteremko wa kwao huku anapiga mluzi, shingo upande, kana kwamba mlima wenyewe ni mali ya baba yake. Leo kiti cha plastiki kilimshinda kukikalia. Alishuka nacho polepole, mkono mmoja ukishika meza ya watu, na alipokwisha kukaa alibaki ameinama akitafuta pumzi.

Tangu mwaka ule Mlima Rungwe ulipotapika majivu na vifua vya watu kuziba, kila mtu wa pande hizi aliishi na kompyuta yake mwilini, imeshonewa chini ya mtulinga, ndogo kuliko kiberiti. Watoto waliiita pafu la tatu. Ndiyo iliyosukuma kifua, ikapima damu, ikaamua hewa kiasi gani iingie. Ilikuwa na viwango vinne tu: Kitanda, Chumba, Njia na Mlima. Na mtu wa Tukuyu asiye na Mlima hana pa kwenda, maana huku kila njia, kama haipandi, basi inashuka, na ukishashuka utapanda.

Tusekile mwenyewe alikuwa Chumba. Ndiyo maana hakuinuka. Ukiwa Chumba huinuki kwa ajili ya kila mgeni.

“Imekuanza lini?” aliuliza, akivuta waya wa kusomea.

“Juzi. Ilianza... kuganda ganda. Nikaizima, nikaiwasha upya.”

“Ukaizima ukaiwasha.” Tusekile akatikisa kichwa. “Kila mtu akiona kitu kimeganda, anazima anawasha. Halafu?”

“Haikurudi Mlima. Nikitaka kubadili, inasema sina ruhusa. Mimi! Msimamizi mzima wa ukoo!” Hasira ilimmaliza hewa, akasubiri irudi. “Nimekwenda Mbeya mjini. Mafundi wa huko wamesema... wamesema turudi kwa aliyeisimika.”

“Aliyeisimika ni mume wangu Gwakisa. Gwakisa mmemzika.”

“Na wewe,” alisema Bibi Atuganile. “Mliisimika wawili.”

Tusekile alimbandika Ambakisye sumaku ya waya chini ya mtulinga, ngozi ya mtu huyu ikiwa na jasho baridi, akageuza kioo chake na kusoma. Pale palipotakiwa kuandikwa jina la mwenye mali paliandikwa: Mmiliki hajulikani. Akashuka chini. Faili moja baada ya jingine, mlango mmoja baada ya mwingine, neno lilikuwa hilo hilo. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu kuhakikisha, halafu akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, maana Chumba haina hewa ya kicheko kirefu, lakini alicheka mpaka machozi.

“Kuna nini?” Ambakisye aliuliza.

“Hamkubadili jina! Miaka yote hii umiliki wa ukoo mzima uko kwa jina la Gwakisa!”

“Utabadilije jina la marehemu kabla halijapata mtoto wa kulibeba?” Bibi Atuganile aliuliza, na safari hii aliinua macho, kwa sababu hilo lilikuwa jambo la heshima. “Kwetu haifanywi hivyo. Tulikuwa tunangoja azaliwe mvulana.”

Na tangu Gwakisa azikwe, ukoo ule ulizaa wasichana watupu. Kwa hiyo Ambakisye alisimamia kwa ruhusa ya mtu wa kaburini, kama mtu anayekula shamba kwa hati ya kaka yake, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuuliza alikuwa hawezi kupanda mlima.

“Sasa sikilizeni,” Tusekile alisema, akijifuta macho. “Masjala ya Mapafu wametuma sasisho jipya. Limepekua majina na kuwafuta waliokufa. Kompyuta yako ilipowaka upya imemtafuta mwenye mali, haikumwona. Haimjui tena aliyekupa hizo ruhusa, kwa hiyo wewe nawe haikujui. Ikishapotewa na mwenyewe haimwamini mtu. Inashuka yenyewe mpaka Chumba na kufunga milango.”

“Basi ifungue.”

“Siwezi. Na wewe huwezi. Mtumiaji wa kawaida hawezi kujipa ruhusa ambayo hana.”

Ambakisye aliegemea kiti. Macho yake yalizunguka dukani, yakatua kwenye vifaa, kwenye jiko la mkaa, kwenye godoro la Tusekile lililokunjwa pembeni, maana dukani ndiko alikokuwa akiishi, barabara ya kumfikisha penginepo ikiwa imemshinda. “Kwa hiyo nitabaki hivi?”

“Utaishi tu. Ukikaa hutasikia shida. Ukisimama, usimame polepole. Usipande kitu. Usicheke sana.”

“Huku ni kuishi?”

“Mimi nimeishi hivyo hivyo, shemeji. Kwani umesahau?”

*

Hakuna aliyesahau. Siku ya kuanua matanga wazee walimkabidhi Ambakisye vitu viwili kwa mpigo: usimamizi wa kompyuta za ukoo na mjane wa kaka yake. Usimamizi aliupokea. Mjane alisimama mbele ya watu wote, kanga ya msiba bado kiunoni, akasema, “Mimi si koti la Gwakisa, mtu akalivae.” Wanawake waliokuwa jikoni waliziba midomo. Ambakisye alicheka pamoja na wengine, akasema shemeji ana machungu, tumwache apumzike.

Kesho yake Tusekile aliteremka sokoni kununua chumvi. Aliporudi, pale mwisho wa barabara mteremko unapoanza, alipiga hatua chache na dunia ikageuka giza. Akaanguka na chumvi yake. Alipozinduka, kwenye bangili yake ya mkononi, inayoonyesha kiwango cha pafu, paliandikwa Chumba. Alidhani ni hitilafu, yeye fundi, akakaa kwenye jiwe akiomba Mlima, akiomba na kungoja, mpaka akaelewa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta haikuwa ya kifua kilichoibeba. Ukoo ulichanga ng'ombe, ukoo ukanunua, ukoo ukaweka msimamizi, na waliobaki wote wakawa watumiaji wa kawaida. Ukitaka kubadili kiwango unaomba, na ombi linamfikia msimamizi mkononi, kwenye bangili yake, pamoja na majibu ya kuchagua: Ruhusu daima. Mara hii tu. Kataa. Ambakisye hakubonyeza hata moja. Laiti angekataa, Tusekile angalau angejua amesikiwa. Aliyaacha maombi yake yalale tu, kama mtu anayepita mbele ya ombaomba akitazama upande wa pili.

Nyumba ya ukoo ilikuwa juu. Kaburi la mumewe lilikuwa juu, migombani, na hakuwahi kuliona likisakafiwa. Na Lugano, binti yake wa pekee, alikuwa juu, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mtoto naye alitegewa mpaka: akishuka kupita banda la kupimia chai, pafu lake linaanguka mpaka Kitanda. Basi kila Jumapili Tusekile alikodi bajaji mpaka mwisho wa barabara, akakaa kwenye lile jiwe, na Lugano akaja kusimama juu bandani, wakapungiana mikono. Kupiga kelele hakukusaidia, upepo uliyachukua maneno. Mtoto alikua kwa mbali namna hiyo. Jumapili moja Tusekile alimwona amefunga kitenge kiunoni kama mtu mzima, na hakuwa na wa kumuuliza tangu lini.

*

“Iko njia,” Bibi Atuganile alisema. “Usingecheka kama hakuna njia.”

Mama mkwe huyu alikuwa anamjua. Tusekile alizungusha kioo kwao.

“Tulipoisimika, Gwakisa alifungua akaunti ya kwanza kabisa, ile ya fundi. Aliifungua kwa jina langu. Hiyo haiguswi na Masjala wala haifutiki, ila inaweza kulazwa. Huyu hapa aliilaza siku ile ile aliyoniweka Chumba.” Aligusa kioo, na jina lake mwenyewe likatokea, rangi ya kijivu. “Akiiamsha, itachukua umiliki wa kila kitu kisicho na mwenyewe. Halafu milango inafunguka.”

“Umiliki wa nani?” Ambakisye aliuliza.

“Wa wote. Wako, wa mama, wa Lugano.”

“Haiwezekani!”

“Basi rudi Mbeya.”

Tusekile akamwona Ambakisye anafikiri. Kisha akaona ameshapata, kwa maana ule mdomo wake ulipinda kama zamani.

“Kompyuta zilizobaki zitajiwasha zenyewe jioni hii,” alisema polepole, akigawa hewa yake vizuri. “Masjala wametangaza. Ya mama. Ya Lugano. Lugano yuko kwenye kikundi cha mbio cha shule, unajua? Ndiye wa kwanza wao. Jioni hii atakuwa... kama mimi. Kwa hiyo usinitishe na Mbeya, mama Lugano. Huna ujanja. Utatengeneza.”

Ebo! Mtu pumzi imemkauka, amekalia kiti cha mwanamke aliyemzika hai, na bado anatafuta fimbo ya kumchapia! Tusekile alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Angekuwa na Mlima kifuani angeliruka ile meza. Alichoweza ni kuweka viganja vyote mezani na kungoja moyo utulie.

“Nitatengeneza,” alisema. “Kuniamsha ni kwa sauti. Aliyeilaza ndiye anayetamka, hata kama ruhusa zake nyingine zimefutwa, na shahidi mmoja wa ukoo anasikia. Mama yupo. Lakini kabla hujatamka utasema kwanza kwa nini uliniweka Chumba.”

“Hilo halimo kwenye kompyuta.”

“Halimo. Lakini dukani mwangu limo.”

Mvua ilipiga bati. Dereva wa bajaji, aliyekuwa amejikinga barazani, alijifanya anachezea simu. Ambakisye alimtazama mama yake kana kwamba angemuokoa, lakini mama yake alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

“Ulinitia aibu,” alisema mwisho. “Mbele ya ukoo. Mbele ya wake zangu. Nikasema... akae huko chini mpaka aje kuniangukia. Ningekurudishia siku hiyo hiyo. Hukuja.”

“Ningekujaje kukuangukia juu, nami siwezi kupanda?”

Hilo hakuwa amelifikiria. Ilionekana wazi usoni kwake kwamba miaka yote ile hakuwa amelifikiria hata mara moja. Tusekile alikuwa amejiandaa kwa ubaya wake. Kwa huo uzembe wake hakuwa amejiandaa, na ulimuuma kuliko ubaya.

“Tamka,” alisema.

Ambakisye akatamka, na bibi akashuhudia. Jina lililokuwa la kijivu likawa jeupe. Tusekile akaingia, akabonyeza pale penye kuchukua umiliki, akateua na vyote vilivyomo ndani yake, maana wengi hulisahau hilo wakabaki wanamiliki mlango bila nyumba. Kioo kikahesabu taratibu. Kila palipoandikwa hajulikani pakaandikwa Tusekile. Bangili yake ikatetemeka mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane aliona chaguo zake zote zimewaka.

Alianza na Lugano. Hakumpandisha kiwango tu. Alimfanya msimamizi wake mwenyewe, akafuta mpaka wa bandani, akatoa na jina lake, yeye mama, kwenye umiliki. Hapo kidole kilisita kidogo, kwa kuwa mtoto uliyemkosa hivyo ukimpata unatamani kumshika kwa kila kamba iliyopo. Lakini alibonyeza. Halafu Bibi Atuganile, naye vile vile. Halafu yeye mwenyewe.

Loo, ile hewa! Iliingia ikashuka mpaka mahali ambapo alikuwa amesahau kwamba ni pake. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake, akasimama tu hapo akipumua na machozi yakimtoka.

“Na mimi,” Ambakisye alisema.

Tusekile aliinama akakiokota kiti. Alifungua jina la Ambakisye. Mtumiaji wa kawaida. Msimamizi: Tusekile. Kiwango: na hapo akatazama viwango vyote vinne, akavisoma kama vile havijui. Aliteua Chumba. Akafunga.

“Shemeji!”

“Imetengenezwa. Haijashuka Kitanda wala haitazima. Ukihitaji zaidi utaomba, nami nitaona.”

“Uliahidi!”

“Niliahidi kutengeneza.”

“Mama Lugano,” bibi alisema, akisogea mezani. “Amekosa, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini huyu ni mwanangu.”

“Na yule wa kule juu ni wangu, mama. Ulikuwa unamwona kila Jumapili anasimama bandani. Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza,” Bibi Atuganile alisema. “Ndiyo, mwanangu. Nilinyamaza.” Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mwanawe, akamshika bega.

Mkuki kwa nguruwe! Tusekile alijisemea moyoni, na moyo ukamjibu kwa furaha ambayo hakuionea haya hata kidogo.

*

Lugano aliingia dukani amelowa chapachapa, viatu mkononi. Alikuwa amekimbia mteremko wote, akapita banda, akapita jiwe, akapita soko. Alisimama mlangoni, na yeye na Tusekile wakashindwa kujua waanze wapi. Alikuwa mrefu kuliko mama yake. Hilo huwezi kulijua kwa kupungiana mikono.

“Imeniandikia mimi ni msimamizi wangu,” alisema. “Nikadhani imeharibika.”

“Haijaharibika.”

“Nimepita bandani nimefumba macho, nikingoja nianguke.”

Hapo Tusekile akamkamata. Akamnusa shingo, akamshika masikio, akampapasa mgongo kama anayenunua mbuzi, na msichana akacheka, akalia, akacheka.

“Twende,” mama alisema. “Nataka kumwona baba yako.”

“Kuna bajaji nje.”

“Hiyo ni ya wagonjwa,” alisema, akimtupia jicho Ambakisye kitini. “Mimi natembea.”

Akatembea! Alipita kwenye lile jiwe lake bila kulitazama. Matope yaliteleza, mvua ilimpiga usoni, na kifua kilisukuma hewa kwa nguvu kama kinafurahia kazi. Lugano alitaka kumshika mkono mahali pabaya, akakataa. Walipofika bandani alisimama, akageuka kutazama chini, aone binti yake alikuwa akiona nini. Aliona jiwe, dogo kabisa, na barabara.

“Nilikuwa naona kanga yako tu,” Lugano alisema. “Uso hauonekani.”

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, migombani. Saruji ilikuwa imeota kuvu la kijani na majani makavu yamejaa juu yake. Tusekile alipiga magoti, akayafagia kwa kiganja, akamwambia mumewe mambo ambayo si ya kusimuliwa hapa. Lugano alikwenda kusimama pembeni kumpa nafasi.

Bangili ikatetemeka. Ambakisye anaomba Mlima.

Tusekile alisimama. Kutoka pale migombani mteremko ulionekana wote. Bajaji ilikuwa imewashusha mwisho wa barabara ikageuza. Ambakisye alikuwa ameshika mti, hatua chache kutoka kwenye jiwe, na kando yake kulikuwa na kitu cheupe, kanga ya bibi.

Akabonyeza Kataa.

Ikatetemeka tena. Kataa. Ikatetemeka. Kataa. Kila alipobonyeza alihisi tumboni kitu kinakaa mahali pake, na alitamani iendelee kutetemeka mpaka jua lizame.

“Ni baba mdogo?” Lugano aliuliza, akisogea.

“Ndiye. Mimi namjibu. Yeye hakunijibu hata siku moja.”

“Najua, mama. Mpaka lini?”

“Mpaka nitosheke.”

“Utatosheka lini?”

Tusekile alikasirika kuulizwa. “Unamtetea? Mtu aliyekufungia juu huku kama kuku?”

“Simtetei. Simpendi hata kidogo.” Msichana aliongea huku anatazama chini, si kwa mama yake. “Lakini miaka yote nimesimama pale bandani nikitazama mtu ameinamisha kichwa kwenye bangili anaomba. Nilikuwa najua unachofanya. Kila Jumapili. Nimechoka kutazama mtu anaomba, mama. Na bibi anamshikilia. Wataanguka wote wawili.”

“Bibi ana Mlima. Anaweza kumwacha.”

“Hatamwacha. Ni mwanawe.” Akageuka. “Umesema mimi ni msimamizi wangu. Nikitaka kwenda naenda?”

“Ndiyo.”

“Basi.”

Akaenda. Hivyo tu! Mtoto aliyempata leo hii, nywele zake bado zinanukia puani mwake, akateremka kwenye matope kwa mbio za mwanariadha wa shule, na Tusekile akabaki na kaburi. Alitaka kumwita. Kwa bangili hangeweza kumzuia, ile kamba aliikata mwenyewe.

Aliwatazama. Lugano aliwafikia, akamtoa bibi pembeni, akajitwika mkono wa Ambakisye shingoni. Wakaanza kupanda. Ambakisye alikuwa mzito, kifua kikiwa hakimbebi basi uzito wote ulimwangukia msichana. Walikwenda kidogo wakasimama. Wakaenda kidogo. Kwenye kona ya banda Lugano aliteleza, goti likaingia kwenye tope, akang'ang'ana na mti, akainuka bila kumwachia.

Bangili ikatetemeka. Ambakisye anaomba Mlima.

Tusekile alikiweka kidole kwenye Kataa, na kidole kikakaa pale. Aliichukia ile sura iliyoinama chini kule. Aliichukia sawasawa na asubuhi, haikupungua hata tone, na wala hakutaka ipungue. Lakini lile goti lenye tope lilikuwa la mwanawe.

Aliruka Ruhusu daima bila kuitazama. Akabonyeza ile ya katikati. Mara hii tu.

Kule chini Ambakisye alinyooka. Akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akautoa mkono wake shingoni kwa Lugano, akainua uso kutazama migombani alikosimama shemeji yake. Akanyanyua kiganja kushukuru.

Tusekile hakumpungia. Alirudi kuketi ukingoni mwa kaburi, akaendelea kuokota majani, akimngoja binti yake afike. Kesho, Ambakisye akitaka kwenda hata zizini, ataomba tena.